Sahani za Noonkopir

Noonkopir, Kitengela
9 Machi 1997

Kwa dada Jacinta,

Nakusalimu wewe, watoto, na mama yetu, Mayi. Natumaini mko wazima huko Kimilili na mvua imewafikia. Mimi ni mzima, nikiondoa kikohozi kidogo cha vumbi. Hapa ukianika shati jeupe asubuhi, jioni unaanua la kahawia.

Ile kazi uliyonipa nimeianza. Ulisema kabla hujaamua kuja kufungua hoteli huku, nile kwanza mahali watu wa kawaida wanakula, nikuambie ukweli. Basi Jumapili nikitoka kanisani siendi nyumbani, naenda kula.

Nilianza na Mbeke, mama Mkamba mwenye hoteli ya mabati karibu na soko. Anapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe. Mahindi yameiva mpaka ndani, na kitunguu anakikaanga polepole bila haraka. Sahani niliirudisha safi. Chai yake ndiyo maji matupu.

Halafu kuna Kuntai, anachoma mbuzi nyuma ya bucha. Kwake nilienda na Katoo, rafiki yangu wa kiwandani. Katoo ni mtu wa Kajiado na anajua mbuzi kuliko anavyojua mashine. Alionja, akaendelea kula. Kwa Katoo hiyo ni sifa.

Lakini kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi sijaona popote, na watu wetu wa magharibi tumejaa kwa hizi ploti za kupanga. Fikiria hapo.

Mdogo wako,
Wanyama

Kimilili
31 Machi 1997

Ndugu yangu Wanyama,

Salamu zako tumezipata. Sisi tuko, ila Mayi magoti yanamsumbua na anauliza kama unavaa sweta.

Umenichekesha na Katoo wako. Lakini barua yako bado ni ya mtu aliyeshiba, si ya mtu aliyechunguza. Niambie Mbeke anateka maji wapi. Niambie saa ya mchana ni nani wanakula pale, wafanyakazi au wasafiri. Niambie mafuta aliyokaangia jana anayarudia leo? Na uende kwingine. Hoteli mbili hazitoshi.

Unajua kwa nini nakusukuma. Mwenye nyumba anataka chumba changu cha hoteli mwisho wa mwaka, anasema kijana wake ameoa. Tangu Wasike atuache, hiyo hoteli ndiyo mume wangu. Nikihama nikosee, sina pa kurudi na watoto hawa. Kwa hivyo onja kama mtu anayeonja kwa ajili ya maisha yangu.

Dada yako,
Jacinta

Noonkopir
18 Mei 1997

Dada Jacinta,

Habari za huko? Mimi naendelea vizuri.

Nimezunguka na Katoo kama ulivyosema. Nilienda kwa Gitonga, watu wanamsifu kwa chapati na nyama karanga, ile ya kukaanga. Chapati ni kama kutafuna karatasi. Nyama haina chumvi, nikaongeza, haikubadilika. Nimeenda hoteli ya stendi, maharagwe yana ladha ya chuma. Nilirudi kwa Kuntai, na harufu ya mafuta ya mbuzi ilinifanya nitoke nje kabla sijakaa.

Mbeke naye ameharibika. Sijui ameajiri nani. Muthokoi ni mchungu, dada, mchungu kama dawa. Nilimwambia mbele ya watu, nikasukuma sahani, nikaondoka.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: uje. Watu wa hapa hawajui kupika. Ukifungua mwezi mmoja tu, hawa wote watafunga. Anza kuuza sufuria kubwa ambazo huwezi kubeba.

Mdogo wako,
Wanyama

Kimilili
8 Juni 1997

Wanyama,

Nakusalimu. Sisi hatujambo. Wewe ndiye nataka kujua kama hujambo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa nimesimama jikoni kwangu. Mpishi anaweza kuharibika, nakubali. Lakini wapishi wanne, katika mji mmoja, kwa miezi miwili? Na wale watu wengine waliokuwa wameketi pale kwa Mbeke, wao walikuwa wanakula au wanasukuma sahani? Katoo alimaliza yake?

Sufuria sijauza.

Kile kikohozi cha vumbi ulichotaja Machi, kimeisha? Usiku unalala au unaamka shati limelowa? Nijibu haya kwanza, habari za hoteli zitangoja. Asubuhi jipikie uji mwepesi, weka ndimu. Mayi sijamwambia kitu.

Dada yako,
Jacinta

Noonkopir
13 Julai 1997

Dada,

Salamu kwa wote.

Nimekaa na barua yako muda kwa sababu ilinikasirisha. Ulinituma nionje chakula, sasa unaniuliza habari za shati. Lakini sijawahi kukudanganya na sitaanza leo.

Katoo alimaliza yake. Akamaliza na yangu. Kwa Mbeke watu wote walikuwa wanakula.

Kikohozi kiko. Shati linalowa. Mshipi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Kiwandani wameanza kuniangalia, na juzi msimamizi aliniuliza kama nyumbani kuna shida.

Hospitali usiniambie. Kulikuwa na jamaa hapa, jina siandiki, alienda kupimwa damu. Aliporudi hakumwambia mtu kitu, lakini kikombe chake kiliwekwa peke yake dirishani. Hakumaliza hata mwezi kazini. Nikienda nitajua, na nikijua sitaweza kurudi kutojua. Niache kidogo. Nimepata hoteli nyingine huko nyuma ya posho mill, pale kwa kusaga unga, labda hiyo itakuwa nzuri.

Mdogo wako,
Wanyama

Kimilili
27 Julai 1997

Wanyama mtoto wa mama yangu,

Hakuna hoteli nyuma ya posho mill itakayokuwa nzuri.

Nitakuambia kitu ambacho hatujawahi kuongea. Wasike alianza hivyo hivyo. Sahani inarudi jikoni nusu, halafu robo, halafu inarudi kama ilivyotoka. Alisema nimebadilisha mafuta. Alisema wimbi ni la zamani. Mwisho alikuwa anakunywa maji tu na kusema hata maji ni machungu. Hospitali tulienda wakati wa kubebwa, na daktari alisema kilikuwa kifua, na kwamba kifua kina dawa kwa mtu anayekuja mapema. Maneno hayo nayasikia kila nikiosha sahani.

Siwezi kuyasikia mara mbili. Nenda. Hata kama ni kile unachoogopa, nenda. Mimi kikombe chako nitakinywea.

Dada yako,
Jacinta

Kimilili
7 Septemba 1997

Wanyama,

Sijapata jibu. Labda barua imepotea. Hapa tuko wazima. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Jacinta

Kimilili
26 Oktoba 1997

Wanyama,

Nilipiga simu kiwandani kutoka posta. Mtu aliyeshika alisema huyo haji kazini, akakata. Mvua hii wanayoiita El Nino imeanza, na wanasema barabara nyingi zimekatika. Mayi sasa anajua, maana ananiona. Ameacha kuuliza habari za sweta.

Kama kuna mtu mwingine anayefungua barua hii, nakuomba, niandikie, hata kama ni habari mbaya.

Dada yake,
Jacinta

Hospitalini, Kajiado
19 Novemba 1997

Dada Jacinta,

Ni mimi. Mkono umeandika vibaya lakini ni mimi.

Barua zako tatu zilikaa kiwandani tangu niache kwenda kazini Agosti; Katoo ameniletea leo zikiwa zimelowa. Samahani. Ile ya Julai ndiyo niliyoisoma kwanza.

Nilianguka kwa mlango wangu wakati mvua zinaanza. Katoo alinikuta. Alinifunika blanketi, akanileta huku kwao Kajiado, kwa sababu alisema mama yake anaishi karibu na hospitali na hataki nilale bila mtu wa kunitazama. Mama yake huja kila asubuhi na maziwa. Ananisalimu, "Sopa," naitika "Epa," na hapo maongezi yetu yanaisha kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo na Kimaasai changu ni hicho tu. Anakaa mpaka nimalize.

Ni kifua kikuu. Napigwa sindano kila siku. Daktari anasema nitatumia dawa mpaka katikati ya mwaka ujao, na nisiruke hata siku moja.

Lakini wametoa damu pia. Waliniuliza kama nakubali, nikakubali kabla sijafikiri. Majibu yatakuja. Kila nikisikia viatu kwa korido nageukia ukuta. Dada, ukiweza kufika, fika. Sitaki kuyasikia peke yangu.

Mdogo wako,
Wanyama

Noonkopir
15 Februari 1998

Ndugu yangu Wanyama,

Natumaini safari yako ya kurudi nyumbani haikukuchosha, na kliniki ya Kimilili imekubali ile kadi ya dawa. Mimi na watoto tuko vizuri katika chumba chako. Paa linavuja pale juu ya kitanda, hukuniambia.

Bado nawaza ile siku kule Kajiado. Daktari aliposema, "Damu yako haina kitu, ni kifua tu," ulimwambia, "Rudia." Akarudia. Ukamwomba tena. Mara ya tatu alinigeukia mimi akasema, "Mama, wewe umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia chochote baada ya neno la kwanza.

Sasa nikupe habari ambayo si nzuri. Nafasi yako kiwandani wameweka mtu mwingine. Katoo alikwenda kukuombea, hakufaulu. Nilitaka usikie kwangu.

Na nimekula kwa Mbeke. Niliagiza muthokoi, nikala polepole, nikatafuta kosa kama ninavyojua kutafuta. Sikulipata, labda chai. Nilipojitambulisha aliweka mwiko chini.

"Yule kijana aliyesema chakula changu ni dawa?" akauliza. "Kuna wateja waliomsikia siku hiyo na hawajarudi."

Nikaanza kumwomba msamaha, nikimwambia ulikuwa mgonjwa. Hakunisikiliza. Alisema, "Kwani yuko hai?"

Nikasema uko hai. Alikaa kwa benchi ya wateja, akajifuta uso kwa leso. Alisema walivyokuona mara ya mwisho walikuwa wamekuhesabu na wafu.

Kwa hivyo, hoteli ya kushindana naye sifungui. Anapika vizuri na ana watu wake. Lakini ana jiko la pili upande wa nyuma ambalo halitumii, na ananiachia Jumamosi na Jumapili nipike kuku na ugali wa wimbi. Wiki iliyopita kuku waliisha kabla watu hawajatoka kanisani wote. Naogopa kufurahi mapema. Sufuria kubwa nitumie na basi.

Dada yako,
Jacinta

Kimilili
22 Machi 1998

Dada Jacinta,

Nakusalimu, na watoto, na Katoo ukimwona, na Mbeke zaidi ya wote. Mwambie nikija nitakula pale pale mbele ya watu, na nitasema kwa sauti ile ile.

Habari ya kazi iliniuma kwa wiki nzima. Sasa namsaidia jirani kupalilia, nikichoka nakaa. Dawa sijaruka. Sufuria zimeshapanda basi, kondakta ana jina lako.

Kuna kitu bado hakijaniacha. Kila nikipeleka tonge mdomoni, naliweka kwa ulimi na kungoja. Nangoja ule uchungu urudi. Mayi ameniona nikifanya hivyo, anaangalia tu mdomo wangu, na yeye anangoja.

Jana alipika mboga ya mrenda. Nikachovya ugali, nikaweka, nikangoja. Nikamwambia, "Mayi, leo umezidisha chumvi."

Akaonja mwenyewe kwa kidole. Ilikuwa kweli. Aliinuka akatoka nje, na kupitia mlangoni nilimsikia akimwambia jirani, huku akicheka, kwamba kijana wake amelalamikia chakula.

Mdogo wako,
Wanyama