Mume wa Kuazima

KITUO CHA POLISI OKE-SANNI, ABEOKUTA, JIMBO LA OGUN
Tarehe 14 Machi 2024, saa 4:10 asubuhi

Jina: Bolatito Osundina. Umri: miaka 36. Kazi: mtia rangi vitambaa. Makazi: sina, nalala kibandani kwangu sokoni.

Nilipanga chumba mjini Ota miaka sita. Watu wa Lagos walipoanza kukimbilia kwetu, kodi ikapanda mara mbili. Nikahamia Sagamu, ikanifuata. Mnamo Januari mwaka huu nikaja Abeokuta, nikiambiwa huku kuna nafuu. Nafuu ipo, ila si ya mwanamke asiye na mume. Wenye nyumba watatu waliniuliza, "Mumeo yuko wapi?" wakafunga mlango.

Tarehe 20 Januari nilimwomba Akinkunmi Soyode, tunayeimba naye kwaya, ajifanye mume wangu kwa nusu saa tu. Alicheka. "Mke wangu, basi nipikie amala kwanza!" Nikampikia. Tukaenda kwa mwenye nyumba, Baba Gbadebo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema, "Baba, mume wangu huyu." Mzee akatubariki. Nililipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, akiba yangu yote. Risiti na mkataba vikaandikwa jina la Akinkunmi, maana Baba Gbadebo humwandikia mwanamume. Ningebishaje?

Tarehe 9 Machi, saa 11 jioni, nilitoka sokoni nikakuta kufuli jipya mlangoni kwangu. Akinkunmi alichungulia dirishani, nyuma yake mwanamke amefunga kitenge changu.

"Kaka Kunmi, fungua, nimechoka."

"Dada Tito, si unaziona kodi za mji huu? Ningeoa nikae wapi?"

Alisema kwa upole kabisa. Heri angenitukana.

Nilimwita Baba Gbadebo. Akaniambia, "Mwanangu, mume kuongeza mke si kosa. Vumilia." Nikamwambia huyu si mume wangu. Akanitazama. "Kwa hiyo ulinidanganya?" Nikarudi sokoni kulala.

Afande, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliivaa mwenyewe. Inaniuma, jamani! Mtu niliyemwita kaka!

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo. Sitaki talaka, nataka ufunguo wangu.

Sahihi: B. Osundina

Maoni ya askari: Shahidi amesomewa maelezo, amekiri ni sahihi. Bw. Soyode na mwenye nyumba wamehojiwa. Wote wanasema hawa ni mke na mume. Jalada limefunguliwa kama ugomvi wa ndoa. Shahidi ameshauriwa arudi kwa mumewe.

Koplo Terhemba Agber