Zamu ya Odhiambo

Migori, Jumapili usiku

Odhiambo, ndugu yangu,

Mchezo wetu wa kadi za vyombo vya angani bado uko mezani, vile tulivyouacha kabla hujafa. Leo mkeo Akinyi amekuja kutoka Oyugis, akaniomba nimfundishe.

Nikamweleza: unavuta kadi, unasogeza chombo, unarusha kombora, kisha unasema "nimemaliza." Kabla ya neno hilo, mwenzako hagusi kadi zake.

"Na sasa ni zamu ya nani?"

"Ya Odhiambo."

"Basi nimchezee, shemeji. Ama utangoja mpaka Yesu arudi?"

Nilicheka, lakini nikafunika kadi zako kwa mkono. Kombora lako moja tu lingenimaliza. Mchezo ungeisha, na sina mwingine na wewe.

Sioni kama uchungu huu utapungua. Nikumbuke tu huko uliko.