Baba Yangu, Mkanda Mweupe

Manyoni, Jumamosi

Hata sikujua nimwiteje. Leo Baba ameingia ukumbini amevaa nguo za karate na mkanda mweupe, akasimama nyuma ya wanafunzi wa sekondari, akanisubiri mimi, mwalimu wake, nianze.

Tangu Mama afariki alikuwa hatoki ndani. Mimi ndiye niliyembembeleza aje, kisha wiki nzima nikaishi na hofu. Kwenye karate mwanafunzi humwinamia mwalimu. Nani aliwahi kuona mzazi akimwinamia binti yake?

Nikamfuata, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Baba. Wewe usipige magoti kama hawa, utaumia."

"Marahaba," akajibu. "Ila humu ndani mimi ni mwanafunzi. Usinitenge, mwanangu."

Akapiga magoti taratibu, akaweka viganja sakafuni, akainama. Nami nikainama, chini kuliko ninavyowainamia wengine wote, nikachelewa kuinuka kwa sababu ya machozi.

Mazoezi yalipoisha alisimama mlangoni akisubiri nitoke kwanza, kama utaratibu wetu unavyotaka. Lakini mimi kumtangulia baba yangu...

"Tangulia, Mwalimu."

"Hapana, Baba, tangulia wewe."

Tukabaki hapo, hakuna anayekubali kutoka. Ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Sikumbuki hatimaye nani alitoka kwanza. Nakumbuka kicheko tu. Nilidhani hatutakisikia tena.