Siku Tatu kwa Wiki

Madungu, Chake Chake
10 Agosti 1960

Kwa dada yangu Mwanamize,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi nipo, kama awavyo mtu aliyefiwa na babake siku thelathini na nane zilizopita.

Barua yako imenifika. Umenieleza ulivyosimama uani matangani ukawajibu akina Bi Kazija, waliosema mwana daktari kamwacha mzazi wake afe na mshipa wa ngiri. Ukawaambia kosa si la nduguyo Hija, ni la yule Mzungu mkubwa wetu wa hospitali aliyemnyima ruhusa. Ahsante, dada.

Kazi yenyewe unaijua. Sisi tunaojifunza udaktari tuna mwaka mmoja wa kutumika chini ya mkubwa kabla ya kupewa cheti. Wodini tunaingia alfajiri, kutoka ni mpaka mgonjwa wa mwisho atulie. Ijumaa hatuna, Idi hatuna. Takbira za mwaka huu nilizisikia dirishani, namshona mtu kichwa. Ukisinzia unaambiwa wako wengi wanaoitaka nafasi yako.

Baba aliposhikwa na mshipa mara ya kwanza, mwezi wa Mei, niliomba nifanye kazi siku tatu kwa wiki, zilizobaki niwe huko nyumbani Tumbe nimwangalie, nimbembeleze akubali kupasuliwa. Kisha nikawaandikieni kwamba nimekataliwa. Basi baba akakaa kunisubiri nimalize mwaka. Mshipa uliporudi, shemeji Nyange alishaleta gari mlangoni, baba akagoma kupanda. Akasema, "Sipasuliwi na mtu mwengine. Mie nina daktari wangu."

Akaumwa siku mbili. Mshipa ukishajifunga, siku mbili ni nyingi mno. Yeye hakulijua hilo, nalijua mimi. Habari iliponifika nikaja mbio, nikakuta mnamkosha.

Sasa nisikilize, Mwanamize. Yule Mzungu hakunikatalia. Alinipa ruhusa kwa maandishi, siku tatu kwa wiki kama nilivyoomba, ila mwaka wangu mmoja ungekuwa miwili. Badar, niliyeanza naye siku moja, angetoka daktari kamili, mimi bado niko hapa namshikia taa. Nikaona watu wa Tumbe wataniita daktari nusu. Nikaichana ile karatasi, lawama nikamtupia Mzungu, kwa kuwa nilijua kwetu hapana atakayemtetea. Sharti lake lilikuwa baya na nalichukia mpaka leo, lakini aliyechagua ni mimi.

Ijumaa nakuja kwenye hitima ya arubaini. Najua unapomsomea mama barua huwa unaruka maneno yanayouma. Hii msomee yote, na umalize kabla sijafika. Na akina Bi Kazija wakisema tena, waache waseme.

Nisalimie shemeji Nyange na wanangu wote. Mungu amrehemu baba.

Ni mimi nduguyo,
Hija Silima