Jiwe Juu ya Vali

Baba,

Sitakaa sana. Boila ina moto, maji bado hayajachemka, na unanijua nikisubiri: nimeshafagia banda mara mbili.

Nina la kukiri. Tangu tukuzike, mashine yako inanidharau. Karasha inasaga mawe kidogo, inasimama, na wachimbaji wa hapa Segese wananizunguka na viroba vyao wakiuliza kama uliondoka na nguvu zake. Jumanne hasira zikanipanda. Nikaenda jikoni, nikachukua lile jiwe ambalo Mama huweka juu ya kifuniko cha chungu anapopika viazi, nikalifunga kwa waya juu ya vali ya usalama, mvuke usipate pa kutokea.

Karasha ilisaga, Baba. Watu wakashangilia. Mimi nikatazama geji ya mvuke: mshale umeupita ule mstari wa hatari uliouchora kwa rangi ya kucha ya Mama. Niliwafukuza watu wote bandani, nikaukwangua moto nje, kisha nikakaa barabarani nikiuchungulia mshale mpaka uliposhuka.

“Moto hauzungushi gurudumu, ng'wana wane, mwanangu,” ulikuwa ukiniambia. Moto unachemsha maji. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi, ndipo yanaisukuma pistoni. Mvuke unabadilishiwa njia, pistoni inasukumwa kurudi, na mkono wa chuma unaligeuza lile nenda-rudi kuwa mzunguko. Nikauliza, pistoni ikifika mwisho nani anaisaidia kugeuka? Ukanionyesha gurudumu zito, ukasema hilo likishaanza mwendo haliuachi upesi. Halafu ukaongeza: “Mashine ikilegea, usiongeze moto. Tafuta mvuke unapotelea wapi.”

Nilijua unapotelea wapi. Tangu mvua ziishe nauona ukifuka pale fimbo ya pistoni inapotokea, penye kamba ya katani uliyoiloweka kwenye mafuta ya ng'ombe ukaizungushia mwenyewe kuziba mwanya, wiki ile kabla hujalazwa. Ilikuwa imeisha. Lakini ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako, na kila nikishika spana naiweka chini. Nikaona heri nifunge jiwe. Ningeua watu kwa sababu ya kamba, Baba.

Jana niliitoa. Mwisho wake uliukata kwa meno, kama kawaida yako, na hapo ndipo nilipolia. Kisha nikaloweka mpya, nikaizungusha mara tano, nikakaza. Ya kwako nimeitia motoni leo asubuhi pamoja na pumba za mpunga. Bado ilikuwa na mafuta, iliwaka vizuri.

Maji yameanza kunguruma, naondoka. Pumzika, Baba. Jiwe nimemrudishia Mama, na nakuahidi halitatoka jikoni tena. Kamba hii yangu nayo ikichakaa nitaitoa siku hiyo hiyo.

Mwisho wake nimeukata kwa meno.

Kabula wako