Alama ya shavu la Kavira

Siku ya kwanza, tarehe 1 mwezi wa tisa

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu alfajiri. Beseni mbili. Bega la kuume linauma, mais siachi.

Kavira alienda kuanza mwaka wa masomo. Amerudi saa saba, kitambaa kimezunguka uso wote, na jua linachoma. Nikamuuliza ni baridi gani hiyo. Akasema hapana kitu. Huyu mujukuu, anayeniita koko, hajui kudanganya. Nimemulea tangu bazazi yake balikufa, alikuwa na meno mbili tu.

Ni ile alama. Iko kwa shavu la kushoto, toka chini ya jicho mupaka karibu na taya, kama mayai mawili yamelala pamoja. Nyeusi kupita ngozi yake, na manyoya madogo juu. Alizaliwa nayo. Leo mutoto mumoja alimwambia: "Kavira, paka wa kwenu alikulamba, akasahau manyoya." Klasi nzima ikacheka. Mwalimu naye akacheka.

Nikaenda. Nilifika mbele ya mwalimu na muchi wa kutwangia mukononi. Sikuwa na mupango wa kupiga mutu. Nilisahau kuuacha. Aliomba samahani mbio mbio.

Siku ya tatu, tarehe 3

Kila mutu ana dawa. Masika, binti yangu, shangazi ya Kavira, ameleta krem ya kung'arisha ngozi. "Mama, mwezi mumoja tu, itapotea." Nikamwambia ajipake yeye kwanza, kwa ulimi. Krem nimeitupa choo.

Saa kumi, mama mumoja wa maombi. Anasema ni alama ya balozi, bachawi ba usiku, mutoto afunge kula siku tatu. Nikamwambia mutoto huyu alizaliwa muchana, na mikono yangu njo ilimupokea. Kama kulikuwa muchawi pale, ni mimi. Alikwenda bila kumaliza chai.

Ninaandika ili ijulikane: alama inabaki. Hapana mutu ataigusa. Mungu hakukosea.

Siku ya posho, tarehe 6

Nimemupeleka hospitali, ili docta afunge vinywa vyao. Docta ni mwanamuke kijana. Anaeleza polepole, na hakunisemesha kama mujinga.

Si ugonjwa, si uchawi. Ni rangi ya ngozi ilijikusanya pahali pamoja, mutoto akingali tumboni. Imeingia ndani. Donc krem haifiki, itaunguza ngozi ya kando tu. Kuko mashini ya mwanga, lazeri. Kwetu haiko. Hata kule iko, inafifisha rangi ya juu, ya chini inaweza kurudi. Kuko kisu. Kukata nusu, kushona, kungoja miezi, kukata tena, juu alama ni kubwa kwa kuondoa mara moja. Kovu itabaki. Na kuko kuacha. Manyoya yanakatwa na mukasi, hapana shida. Mais kila mwezi kuangalia. Ikibadilika umbo, ikivimba, ikitoa damu, kukuja haraka.

Niliposikia kuacha nikapiga meza na mukono. "Njo hiyo. Tunaacha."

Docta akamwangalia Kavira. Kavira alikuwa anaangalia viatu vyake.

Njiani nilinunua mihindi mbili ya kuchoma, yake na yangu. Hakula. Mimi nimekula yote mbili. Nimeshinda.

Siku ya yenga, tarehe 7

Misa. Kavira alikaa mwisho wa benchi, shavu kwa ukuta. Nimeona. Atazoea.

Siku ya tatu, tarehe 10

Maandishi ni mabaya.

Nilirudi kutoka soko saa sita, mvua ilinifukuza. Nikamupata Kavira, hakuenda masomo, nyuma ya nyumba, chini ya papayi yetu. Amekwaruza tunda bichi na wembe, maziwa yake, ule utomvu mweupe, yanadondoka kwa sahani. Alikuwa amejipaka upande wa chini wa alama.

Mutu wa kwingine hawezi kuwaza hiyo. Mutoto wa Mabalako, kijiji chetu cha zamani, anaweza. Kule, mbele ya kukimbia vita, tulikuwa na shamba la papayi. Asubuhi tunakwaruza matunda mabichi, tunapokea maziwa, tunauza. Yanakula nyama. Yalikula vidole vyangu. Na mimi nilimuhadithia mara ngapi, na majivuno: ngozi yote ilitoka, na ingine ikakuja chini, laini kama ya mutoto. Alisikia vizuri. Alishika neno kwa neno.

Nilimwaga maji. Ndoo tatu, kiisha ya ine. Ngozi imefunguka, nyekundu. Hakulia kwa sauti. Mimi njo nililia kwa sauti, majirani bakakuja.

Nikamuuliza nani alimutuma kufanya hivi. Akasema: "Wewe ulisema tunaacha. Tunaacha uso wa nani, koko? Wewe unaupigania. Mimi njo ninatembea nao."

Nikaenda kujaza ndoo ingine. Mimi, na mudomo huu wote.

Siku ya tano, tarehe 12

Anfirmie, muuguzi wa hospitali, amemufunga. Kila siku mbili kurudi. Alama isiguswe mupaka kidonda kipone kabisa.

Masika anasema tukate papayi. Hapana. Papayi haina kosa. Kosa ni langu na ninaliandika. Niliwaza: tukikata alama, baliocheka bameshinda. Donc nikapigana na mwalimu, na mama wa maombi, na Masika, kumbe shavu nililopigania si langu. Mujinga mukubwa, na mvi zote hizi.

Leo nimemuuliza anataka nini. Miaka kumi na tano, mara ya kwanza namuuliza.

Kisu, akasema. Nikasema kama ni juu ya ile klasi, nitarudi kule na muchi, na safari hii sitausahau. Akasema hapana, koko, ni juu anachoka kuiwaza kila asubuhi mbele ya kuwaza kitu kingine.

Sawa. Basi kisu.

Siku ya yenga, tarehe 21

Jamaa bamekuja. Paluku, muzaliwa wangu wa kwanza, anakaa kwa kiti cha marehemu baba yake na anadhani kiti kilimupa na akili yake.

"Hapana kisu," anasema. "Kovu kwa uso wa musichana ni mbaya kupita alama. Na wewe mwenyewe, mama, ulisema haiguswi."

"Nilisema. Sasa ninasema ingine. Kinywa ni changu."

"Na akifia juu ya meza?"

"Tulirudi kwa docta. Alieleza hatari yote. Uliza mutoto kama anaijua."

Paluku hakumuuliza. Anazungumuza juu ya Kavira kama mutu anazungumuza juu ya mbuzi iko nje. Kavira akasimama, na kidonda chake kimefungwa, sauti ndogo: "Baba mukubwa, ninaijua. Ninaogopa. Na ninataka."

Paluku akasema yeye haweki sahihi kwa karatasi yoyote. Nikamwambia sahihi haina ndevu, hata mimi ninayo. Masika akacheka mupaka akamwaga chai juu ya kitambaa changu cha meza. Nimemusamehe krem.

Siku ya pili, tarehe 14 mwezi wa kumi. Beni.

Kidonda kilipona. Docta wa kupasua anafika Beni kwa siku chache tu, wa kwetu alituandikia barua kwake. Tumelala kwa Mama Zaina, tulijuana zamani kwa soko, yeye na vitenge vyake, mimi na maharagi yangu. Bwana yake njo alitushusha hapa na gari lake la mizigo. Njia nzima hakuuliza kitu juu ya shavu. Aliswali, akatupa ndizi, akaendesha. Mutu mwema.

Asubuhi, hospitali. Anfirmie akanisukumia wino, niweke kidole. Nikamuomba biki. Sikukanyaga masomo hata siku moja, mais Kavira alinifundisha herufi kwa meza yetu, yeye akiwa na miaka tisa na ukali kupita masista. Nikaandika jina langu lote. Polepole. Nyuma yangu batu balikuwa bananguruma. Bangoje.

Alipoingizwa alinipa kitambaa chake nimushikie. Nilikaa kwa benchi. Niliomba Rozari, na katikati ya Rozari nilimugombeza Mungu kidogo, kiisha nikaendelea. Mama Zaina alikaa na mimi na tasbihi yake. Docta hakukawia, mais mimi niliona ni mwaka.

Kavira ametoka, nusu ya uso imefungwa, macho yamejaa usingizi. Neno lake la kwanza: "Koko, umekula?"

Siandiki zaidi leo.

Siku ya tatu, tarehe 22

Butembo, kwetu. Bametoa nyuzi. Nusu ya alama imekwenda, ile ya chini. Pahali pake kuko mustari mwekundu, umevimba, umevuta ngozi kidogo.

Kavira akaniomba kioo. Kiisha akaniangalia mimi. Nikasema: ni mbaya. Docta akashituka. Kavira akacheka, akashika shavu, juu kucheka kunamuuma. Docta akasema itafifia, kwa miezi, na jua lisiipige sana.

Paluku amepita jioni. Aliangalia, akakohoa. Akasema mustari ni mwembamba kuliko alivyowaza. Kwa Paluku, hiyo ni kuomba samahani. Nilimupa ugali. Alikula kama mutu anadaiwa.

Siku ya kwanza, tarehe 27

Amerudi masomo. Nilimusindikiza mupaka mulango, mikono mitupu. Mwalimu alinisalimia kutoka mbali sana.

Batoto balimuuliza kama aliumia sana. Mumoja alitaka kugusa. Kavira alimukatalia. Ameniambia vile alivyomukatalia, na maneno gani, na sitayaandika hapa, mais niliyatambua. Ni maneno yangu.

Siku ya posho, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja

Hospitali bametuma jibu. Kile kipande balikipima, hapana ubaya ndani. Tutaendelea kuangalia kilichobaki kila mwezi.

Leo tumefua. Tulikuwa tunaanika, yeye kamba ya juu, mimi ya chini. Katikati akaniuliza: "Koko, nusu ingine, kama ni wewe ungefanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Refu, tayari. Nikalimeza.

Nikasema: "Wewe unawaza nini?"

Akakaza nguo kwa kamba. Akasema bado hajui. Labda ataitoa kiisha mitihani. Labda ataiacha, sasa ni ndogo, yeye nayo banaishi pamoja vizuri. Docta ataweza kungoja.

Nikasema sawa.

Matone yakaanza, makubwa. Tukavuta nguo yote tena, mbichi vile vile, tukaingia. Yeye alikuwa mbele.