Leo Pazia Ni Lako

Baba,

Ukirudi kutoka hekaluni, chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Usiitafute kahawa, nimeificha. Dirisha la chumbani nimeliziba kwa shuka, na simu yako ninayo mimi.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Asubuhi, ulipokuwa unazungusha taa mbele ya sanamu, ulisinzia ukiwa wima. Moto ukainamia vazi la mungu. Niliidaka taa kwa kiganja. Ukasema, "Sikusinzia, nilikuwa nasali," ukageuka bila kuutazama mkono wangu. Sala gani hiyo ya kukoroma, Baba?

Mwenyekiti wa hekalu aliona. Kaninong'oneza kwamba ukiyumba tena, jioni sanamu itabebwa na kuhani mwingine kwenye maandamano. Miaka ishirini na sita umeibeba wewe! Lakini siku tatu hizi za sikukuu hujalala hata saa mbili mfululizo.

Kwa hiyo lala. Loweka miguu kwenye maji ya moto, beseni liko mlangoni. Lala kwa ubavu, na usianze kupanga mashada ya maua kichwani. ~~Usingizi ukikataa, njoo tu.~~ Usije. Maua tunayafunga mimi na shangazi.

Kila adhuhuri unamfungia mungu pazia apumzike, na ole wake atakayegusa kengele. Leo pazia ni lako.

Saa kumi nitakuja kukuamsha kwa kengele ndogo, ileile unayomwamshia yeye.

Bintiyo